Jasusi wa Kando ya Moto

Baridi ya Tandala haimwachi mtu alale mapema. Miaka ya 1980 tulikaa jikoni kando ya moto, tukisoma kwa zamu kitabu kilichokwisha jalada kwa kupita mikono mingi: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka 1974.

Mwalimu mmoja alikiita takataka. Hakukosea kabisa: Willy Gamba, jasusi wa Musiba, hupenda mno bastola na warembo. Lakini nyaraka anazozisaka Nairobi ni za wapigania uhuru, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa kweli na makao yake Dar es Salaam. Gamba husimulia mwenyewe, kwa sentensi fupi. Huna nafasi ya kusinzia. Vikafuata Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Musiba alifariki 2010.

Somo la siasa nilifaulu mtihani, kisha nikalisahau. Kwamba ukombozi wa Msumbiji na Angola ulituhusu hata sisi wa milimani, hilo nilifundishwa na jasusi wa kubuni, kwa mwanga wa koroboi.