Kofi la leba lilivyofika kortini Bungoma

Wasee, kama umekulia huku Tongaren, hii stori umeisikia jikoni. Mama alikuwa leba, akabana miguu, nesi akamzaba kofi la paja, mtoto akatoka. Halafu wamama wote wanacheka. Shangazi yangu husimulia yake hivyo hivyo. Alizabwa, mtoto alitoka salama, sasa shida iko wapi?

Nilikuwa nacheka pia, mpaka nikasoma kesi moja ya hapa hapa kaunti yetu.

Ilikuwa Agosti 2013. Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kujifungua bure Juni 1, miezi miwili tu imepita. Mama mmoja akaenda kujifungua hospitali ya wilaya Bungoma. Bure ilikuwa ya mdomo, pamba na dawa alijinunulia. Akapewa dawa ya kuanzisha uchungu, kisha akaachwa. Uchungu ulipokolea alijikokota mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia, akapata vitanda vimejaa. Akaanguka kwenye korido, akapoteza fahamu, akazaa hapo sakafuni. Kilichomzindua ni makofi na matusi ya manesi, eti amechafua sakafu. Wakamwambia abebe kondo lake la nyuma atembee nalo.

Kuna mtu alirekodi na simu kisirisiri, video ikafika kwa televisheni. Na hapo ndipo mimi hukwama, maana kazi yangu ni kamera. Bila hiyo video, hii ingebaki stori ya jikoni. Lakini huyo mama alionyeshwa nchi nzima akiwa chini, saa mbaya zaidi ya maisha yake, na hakuna aliyemuuliza. Aliguswa bila ruhusa, akaangaliwa bila ruhusa. Je, ningerekodi? Nadhani ndio. Ningepost? Manze, sijui. Hapa siiweki, na jina lake siandiki. Hata korti ilitumia herufi tu.

Kesi ilipelekwa 2014. Hukumu ikatoka Machi 22, 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma, mbele ya Jaji Abida Ali-Aroni. Alisema haki za huyo mama zilivunjwa, heshima yake ikiwemo, na kwamba serikali ya taifa na ya kaunti zilishindwa kusimamia hiyo huduma ya bure. Shilingi milioni 2.5, na aombwe msamaha rasmi.

Watu wengi hukumbuka pesa. Mimi nakumbuka kofi, kwa sababu huku kwetu kofi limehesabiwa kama dawa miaka yote. Sasa tuelewane. Leba ina kuguswa kwa lazima. Mkunga anaingiza vidole kupima njia imefunguka kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza iwe kama kila baada ya saa nne. Inauma na inaaibisha, lakini ina sababu. Anatakiwa akwambie anachotaka kufanya, avute pazia, asubiri useme sawa. Ukisema ngoja, angoje. Kofi linapima nini?

Na hili si jambo la juzi. New York, 1914, kulikuwa na mama aliyekubali kulazwa usingizi apimwe tu, madaktari wakamtoa uvimbe kabisa. Jaji Benjamin Cardozo akaandika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeamua mwili wake ufanyiwe nini. Huyo mama alishindwa kesi, by the way, lakini hilo wazo lilizunguka dunia. Kwetu liko kwa Sheria ya Afya ya 2017, na kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda heshima ya kila mtu. Maanake siku huyo mama anazabwa, Katiba ilikuwa na karibu miaka mitatu tayari.

Najua manesi watanikujia. Hospitali kufurika baada ya tangazo halikuwa kosa lao, na huwezi kuzalisha watu kitandani ambacho hakipo. Hiyo nakubali, na hata jaji aliigusa serikali kwanza. Lakini ukosefu wa vitanda haukuinua mkono wa mtu.

Wiki jana nilimsomea shangazi hukumu nikitafsiri, yeye akichambua mboga. Kwa milioni 2.5 hakushtuka. Nilipofika mahali pa msamaha, akaweka mboga chini.

"Kumbe hiyo huwa inaombewa msamaha?"

Kisha akaniuliza ni mwaka gani, akaanza kuhesabu miaka ya binti yake kwa vidole.