Nani Kahesabu Moshi wa Ukata?

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mniwie radhi wadau. Nilikuwa Ukata. Ule wa Mbinga, sio wa mfukoni (ingawa huo nao ninao). Ukiteremka toka milima ya Umatengo kwenda Mbamba Bay mwezi wa Septemba, nyasi zinaungua huku na huku, na Malawi ng'ambo ya ziwa huioni. Imemezwa na utusitusi.

Nikamkumbuka David Livingstone. Mwaka 1861, akiwa na mashua yake ziwani humu upande wa magharibi, aliona mawingu akadhani ni moshi wa nyasi. Kesho yake akapita katikati ya wingu moja. Kumbe ni vijidudu, mamilioni kwa mamilioni! Aliandika kuwa vinaitwa "kungo" (sikio la Mswahili linasikia ukungu hapo), na kwamba wenyeji huvikusanya usiku wakavipika kama mikate. Jicho lilimdanganya.

Aliyetuondoa kwenye kutegemea jicho ni Mskochi mwenzake, John Aitken, mnamo 1888. Chembe za erosoli nyingi ni ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni. Jamaa akafungia hewa kwenye chombo chenye unyevu, kisha akaipanua ghafla kwa pampu. Hewa ikipanuka hupoa, na mvuke hujishika kwenye kila chembe ukawa tone. Matone yakadondokea kioo chenye miraba midogo, naye akayahesabu kwa lenzi, moja baada ya jingine. Alipima hadi kwenye mlima Ben Nevis na mnara wa Eiffel. Leo tunajua sentimita moja ya ujazo ya hewa safi ya baharini ina chembe mia kadhaa. Ya mjini, makumi ya maelfu. Mashine za sasa zinafuata wazo lile lile, ila leza ndiyo inayohesabu.

Na kwetu je? Mlima Kenya ulipata kituo mwaka 1999. Mwaka 2000 wanasayansi wa mradi wa SAFARI 2000 walirusha ndege ndani ya moshi wa kusini mwa Afrika, huku vifaa vya kule Mongu, Zambia, vikipima jua linavyofifishwa. Tangu 2015 Makerere wana AirQo, wanaunda vipimaji vyao wenyewe. Safi sana! Ukata sikuona hata kimoja.

Halafu kuna hili la Wamatengo. Kwa zaidi ya karne moja, katika kilimo cha ngoro, nyasi hawazichomi. Wanazifyeka, wanazipanga miraba (Aitken angefurahi), wanazifukia. Moshi ambao haukutoka, setilaiti gani itauhesabu?

Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango cha chembe za PM2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Nilimweleza mama mwenyeji wangu jikoni, macho yakinitoka machozi kwa moshi wa kuni. Akakohoa, akacheka.

"Haya mwanangu, wewe hesabu. Mimi nisonge ugali."