Moto wa Nyumbani katika Njia ya Misafara

Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipokuwa wakijitayarisha kuondoka pwani kwenda Unyamwezi, walikodi watumwa wa kuwalinda njiani kutoka kwa Ramji, Baniani aliyekuwa karani wa forodha ya Unguja. Watu hao wakaitwa Wana wa Ramji. Walivuka Ugogo pamoja na msafara, wakafika Kazeh, palipo Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba. Ramji mwenyewe alibaki pwani. Mkubwa wake Ladha Damji, wakili wa nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani, naye hakwenda. Nguo, shanga na fedha za Mabaniani zilipanda bara mwaka hata mwaka, na pembe za ndovu zikashuka kulipa deni. Lakini wenye mali aghalabu hawakuiona nchi iliyowatajirisha.

Wala si kwamba Mhindi hakuweza kufika huko. Tajiri aliyesifika kuliko wengi pale Kazeh alikuwa Musa Mzuri, mzaliwa wa Surat, ambaye biashara yake ilifika hata Karagwe. Musa alikuwa Khoja, yaani Mwislamu. Alivuka bahari ile ile na kuhimili homa zile zile. Watu wengi huieleza tofauti hii kwa hesabu ya faida, wakisema kwamba mkopeshaji hana haja ya kuufuata mkopo wake porini. Maelezo hayo yana kweli ndani yake, ila hayaonyeshi kwa nini Khoja alikwenda na Baniani akakaa. Hapana budi kuzitazama ada za dini.

Wengine hukimbilia katazo la bahari. Katika kitabu cha sheria cha Baudhayana, kilichotungwa karne kadhaa kabla ya Kristo, safari ya baharini imehesabiwa miongoni mwa matendo yanayomwangusha mtu daraja yake. Na sheria za Manu zinamtaja baharia kati ya wasiofaa kualikwa katika karamu ya wafu. Lakini wafanya biashara wa Kachi na Gujarati waliisafiri bahari karne nyingi pasipo kujali sana katazo hilo, na huko Unguja walikuwa wamekwisha kulivunja. Mtu aliyekwisha kuvuka maji hazuiliwi na mbuga za Ugogo kwa amri ihusuyo maji. Linaloelekea kuwa na uzito zaidi ni jambo la moto.

Rig-Veda, kongwe ya vitabu vyote vya Wahindu, yenye nyimbo 1,028, inaanza kwa kumtaja Agni, ambaye ni moto. Yeye ni kuhani, tena ni mgeni wa nyumba, tena ni mjumbe apelekaye sadaka kwa miungu. Vitabu vya ada za nyumbani vilivyofuata, kama vile cha Ashvalayana na cha Paraskara, vinaeleza jinsi mume na mke wanavyouwasha moto wao na kuutunza pamoja. Mwanamume peke yake hana moto huo, kwa maana mke ni mshirika wa sadaka, si mtazamaji tu. Tena Agni huyo huyo ndiye ampokeaye mtu akifa, kama nyimbo za mazishi za kitabu cha kumi zinavyoonyesha, na mwenye kumkabidhi ni mwana wa marehemu.

Basi Mabaniani wa Unguja, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, hawakuwaleta wake zao. Nyumba, kwa maana ya vitabu, ilibaki Kachi. Mtu angeweza kukaa Unguja miaka ishirini na bado akawa msafiri. Hata hivyo akifa palikuwa na watu wa kabila lake wa kumchoma kwa ada. Katika njia ya Unyamwezi waliokufa safarini waliachwa kando ya njia, na msafara ukaendelea. Waswahili wanasema Baniani mbaya kiatu chake dawa; yaonekana hawakujiuliza kiatu hicho kiliogopa kukanyaga wapi.

Reli ilibadili mambo. Ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza, lipitalo Bukene katika nchi ya Nzega, likamalizika mwaka 1928. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Wahindu wakapanda bara na wake zao, wakafungua maduka pamoja na Waislamu wa Kihindi, na moto ukawafuata.

Hapo ndipo ukale wa ada ulipoonekana kuwa msaada. Veda hazijui hekalu. Ashvalayana hataki zaidi ya kipande cha ardhi kilichosiribwa kwa mavi ya ng'ombe, mistari michache iliyochorwa juu yake, maji ya kunyunyiza, kuni na samli. Nchi ya Nzega ni nchi ya ng'ombe. Samli ilikuwa bidhaa ya kila gulio, na kusiriba kwa mavi ya ng'ombe hakukuhitaji kufundishwa na mgeni. Bibi arusi hutia motoni punje anazomiminiwa mikononi na ndugu yake, na mpunga ulilimwa katika mbuga za jirani. Kisha arusi hutembea hatua saba: kwa chakula, nguvu, mali, raha, watoto, majira ya mwaka, na ya saba kwa urafiki. Hatua ya saba ikikanyagwa, ndoa imekuwa. Nazi, ambayo Mgujarati haoni arusi bila ya hiyo, ndiyo iliyopaswa kuletwa kutoka pwani, nayo haimo katika Rig-Veda.

Sikukuu ya Diwali ilikuja kwa namna nyingine. Siku hiyo, Oktoba au Novemba, mwenye duka hufunga daftari la zamani na kulibariki jipya mbele ya Lakshmi. Bara Hindi masika yamekwisha na mavuno yanaingia. Nzega mashamba ni matupu na watu wanatazama mawingu. Lakini msimu wa kununua mazao umepita, na mwenye duka anajua nani amelipa na nani bado, kwa hiyo daftari lilifungwa kwa wakati wake ingawa majira yamepinduka.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na utwaaji wa majengo wa mwaka 1971, wengi waliondoka. Paraskara ana maneno juu ya mahali pa kupata moto wa kuanzia nyumba. Wako, asema, wanaoutaka upekechwe kwa vijiti. Yeye anaagiza uchukuliwe katika nyumba ya Vaishya mwenye ng'ombe wengi. Vaishya ndiyo daraja ya wakulima, wafugaji na wafanya biashara. Wenye maduka wa Nzega walikuwa wa daraja hiyo, lakini ng'ombe wengi walikuwa katika maboma ya Wanyamwezi na Wasukuma.