Ile Hela Tuma kwa Namba Hii

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Haikupita muda matapeli nao wakapata kazi. Ujumbe wao uliojulikana sana Tanzania haukuwa na jina wala salamu: ile hela tuma kwa namba hii. Uliingia kwenye simu za watu kwa kubahatisha, kwa sababu miongoni mwa waliousoma hakukosekana mwenye deni la kweli. Alikuwepo anayedaiwa kodi ya nyumba, au aliyeahidi mchango wa harusi, naye alituma bila kuuliza.

Kenya ulivuma ujumbe bandia wa kupokea pesa. Baada yake simu iliita, na mtu akaomba kwa unyonge arudishiwe kwa kuwa amekosea namba. Aliyetulia aliona kwamba ujumbe ule umetoka kwenye namba ya kawaida, si kwa jina la MPESA. Aliyeingiwa na huruma alirudisha fedha ambazo hakuwahi kuzipokea.

Jina la serikali lilipata thamani kwa matapeli pale serikali yenyewe ilipoanza kuwafikia wananchi kwa njia hizo hizo. Tanzania, mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini ulianza kwa fedha taslimu, zikihesabiwa mbele ya wanakijiji. Baadaye sehemu ya malipo ikahamia kwenye simu na benki. Kenya, mpango wa serikali wa Inua Jamii uliwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Tarehe 30 Novemba 2022 ukazinduliwa Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo ya kuanzia shilingi 500 kwa kubonyeza *254#. Kurasa bandia zikafuata, zikiahidi mikopo minono kwa jina hilo hilo, mradi mwombaji atangulize “ada ya usajili”. Wahakiki wa PesaCheck wamezikanusha mara kadhaa. Kila mlango mpya wa malipo ulifuatwa na tapeli aliyejua kwamba watu wamekwisha kuambiwa wasubiri.

Janga la korona mwaka 2020 lilizidisha viungo vya kitapeli vya WhatsApp, na hivi vinastahili kuangaliwa kwa karibu. Anayebofya hukuta nembo ya taifa na maswali matatu manne mepesi, kisha pongezi. Hapo huambiwa asambaze kiungo kwa marafiki 15 au makundi matano mpaka mstari wa kijani ujae. Mstari huo hauhesabu chochote. Hujaa hata akituma kwenye kundi lile lile mara zote. Chini yake kuna maoni ya watu “waliopokea”, yameandikwa ndani ya ukurasa kama picha, hayajibiki. Kinachouma zaidi ni kwamba anayekipeleka kiungo hicho kwa shangazi yake anadhani anamsaidia. Aprili mwaka huo WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukapelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja.

Dawa ya uongo huu mara nyingi imo katika utaratibu wa ofisi yenyewe. Kaya za TASAF huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, mbele ya majirani, bila ada. Kiungo hakiwezi kumwingiza mtu kwenye orodha iliyopitishwa na mkutano wa kijiji.

Tanzania ilianza Mei 2019 kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Ilitarajiwa tapeli akose pa kujificha. Yeye akatafuta vidole vya wengine. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kidole hakijasoma, aweke tena, kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine. Anayebebeshwa laini hiyo anaweza kuwa mzee mwenye kitochi, ambaye hata WhatsApp hana. Ndiyo maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, husisitiza watu wabonyeze *106# kuona laini zote zilizo chini ya kitambulisho chao na kuzifuta wasizozijua, na ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.