Ukarabati wa bampa

Ukarabati wa bampa ni kazi ya kurekebisha bampa la gari lililobonyea, kuchubuka, kupasuka au kuchomoka. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, kazi hiyo hufanywa na dereva mwenyewe au hupelekwa gereji, kutegemea ukubwa wa jeraha na muda ambao gari linaweza kukaa bila kufanya kazi.

Aina za bampa

Zamani bampa lilikuwa la chuma. Renault 5, iliyotoka Ufaransa mwaka 1972, ilikuwa kati ya magari ya kwanza yaliyouzwa kwa wingi yakiwa na bampa la plastiki. Leo magari madogo mengi kutoka Japani, kama Toyota Probox na Noah, yana bampa la polipropilini, plastiki inayolainika ikipata joto. Magari ya kupeleka watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mara nyingi huwa na bampa la chuma. Hilo hunyooshwa kwa nyundo au kuchomelewa, nalo ni la fundi.

Kazi ya nyumbani

Bampa la plastiki lililobonyea bila kupasuka ndilo rahisi zaidi. Humwagiwa maji yanayochemka, husukumwa kutoka nyuma kwa mkono uliovaa glavu, kisha humwagiwa maji baridi ili libaki na umbo lake. Kwenye nyanda za juu za Tarime, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100, lakini joto hilo linatosha. Moto wa mkaa haufai kabisa: polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na rangi huharibika mapema.

Ufa mfupi hushonwa. Tundu dogo hutobolewa kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, mengine hutobolewa kando zote mbili, na waya mwembamba hupitishwa. Mshono huonekana, jambo ambalo kwa gari la biashara si tatizo kubwa. Puti ya bodi ya chuma ikipakwa juu yake hubanduka, kwa sababu plastiki hujipinda na puti haijipindi.

Kazi ya gereji

Rangi ndiyo inayompeleka mtu gereji. Haishiki vizuri kwenye polipropilini bila praima ya plastiki, na vumbi la barabara ya changarawe huharibu rangi mbichi kwa dakika chache. Fundi huchanganya rangi kwa kufuata namba iliyo kwenye kibati cha gari.

Gharama

Malipo ya fundi ni sehemu tu ya gharama. Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku hukosa pato gari likilala gereji. Bima ndogo hulipa madhara ya mtu mwingine, si bampa la mwenye bima. Mwenye bima kubwa naye hutakiwa kutoa taarifa kwanza. Akilirekebisha kabla halijakaguliwa anaweza kukosa fidia.

Madhara yaliyofichika

Plastiki inaweza kurudi katika umbo lake huku chuma cha nyuma yake kimepinda. Kwa hiyo boneti hufunguliwa, na taa, rejeta na vishikizo vyake hukaguliwa kabla ya kuchemsha maji. Rejeta iliyopata ufa mdogo inaweza kuonekana nzima injini ikiwa baridi, ikaanza kuvuja gari likiwa mbali, kwa mfano kati ya Mugumu na Fort Ikoma.