Prototaipu: neno hili lina maana gani na limetoka wapi?

Wadau, kuna neno linatajwa sana siku hizi kwenye habari za magari, simu na kompyuta: prototaipu. Kijana akibuni mashine, tunaambiwa katengeneza prototaipu. Kampuni ikionyesha gari ambalo bado halijauzwa, nalo ni prototaipu. Wengi wanalichukulia kama "kitu kipya" tu. Hapana. Neno hili lina maana mbili zinazovutana, na ukizichanganya unaweza kupoteza hela. Ngoja nieleze zote.

LIMETOKA WAPI

Asili yake ni Kigiriki. Protos ni "wa kwanza". Typos ni pigo, na pia alama inayobaki baada ya pigo, kama ya muhuri kwenye nta. Ukiunganisha unapata "chapa ya kwanza", ile ambayo nyingine zote zinaifuata. Neno likapitia Kilatini na Kifaransa, na kufikia miaka ya 1600 Waingereza walishakuwa nalo. Sisi tumelipata kwao.

Kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili nacho kinapita njia hiyo hiyo. Tunasema kumchapa mtu, na tunasema kuchapa kitabu. Pigo na alama, neno moja. Hata ile "taipu" ya kupiga barua ni mtoto wa typos huyo huyo.

MAANA YA KWANZA: MFANO WA KUFUATWA

Hii ndiyo maana ya zamani, na mfano wake mzuri ni kilo. Mwaka 1889 mataifa yalikubaliana kwamba kilo moja ni uzito wa kipande kimoja cha chuma kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Kilikuwa cha mviringo, kimo kama milimita 39, kwa asilimia 90 platini na 10 iridi. Jina lake rasmi lilikuwa Prototaipu ya Kimataifa ya Kilogramu. Nchi zikapewa nakala, nakala zikazaa nakala, mpaka kwenye mawe ya mizani ya muuza sukari.

Sasa sikia kioja. Baada ya kama miaka 100, kipande kile kililinganishwa na nakala zake, ikaonekana wamepishana kwa takriban maikrogramu 50. Yaani chukua gramu moja, igawe mara 20,000, kamata kipande kimoja. Ni kidogo mno, lakini swali ni zito: nani kabadilika? Kisheria, kile cha Sèvres hakiwezi kukosea, maana chenyewe ndicho kilo! Mwishowe, Novemba 2018, mataifa yalipiga kura huko Versailles, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inapimwa kwa namba ya fizikia isiyobadilika. Kipande kikastaafu.

MAANA YA PILI: MFANO WA KUJARIBIA

Kwa mafundi na wahandisi mambo yamegeuka. Prototaipu yao ni ya kwanza, ndiyo, lakini haitengenezwi ili ifuatwe kama ilivyo. Inatengenezwa ili makosa yaonekane mapema, kabla hela nyingi hazijaingia.

Wala si lazima ifanye kazi. Miaka ya 1990 Mmarekani Jeff Hawkins alitaka kutengeneza kompyuta ya mfukoni. Akakata kipande cha mbao, akatembea nacho mfukoni na kijiti kama kalamu, akijifanya anaandika ratiba zake. Alikuwa anapima kitu kimoja tu: je, mtu atakubali kubeba kitu cha ukubwa huu siku nzima? Mwaka 1996 ikatoka Pilot, kompyuta ya mkononi iliyouzika sana. Ubao ule ulikuwa prototaipu kamili.

USICHANGANYE NA HAYA

1. Sampuli: kipande kinachotolewa kwenye mzigo ambao tayari upo, kama kitambaa anachokuonyesha muuza duka.

2. Kiolezo: umbo la kufuatisha, kama karatasi ya fundi cherehani ya kukatia shati.

3. Majaribio: kitu kimeshakamilika kiasi, kinapelekwa kwa watumiaji wachache. M-Pesa ilianza hivyo Kenya mwaka 2005, watu wakilipia mikopo midogo. Walipoonekana wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, huduma ikapangwa upya, ikazinduliwa Machi 2007.

KWA NINI TUJALI

Chukua kijana aliyeunda mashine ya kupukuchua mahindi. Inafanya kazi vizuri siku ya maonyesho, watu wanampa oda na malipo ya awali. Bado haijakanyaga shamba, haijapigwa na vumbi wala mvua. Ikifa baada ya wiki, wateja wanamwita tapeli, kumbe kauza prototaipu kana kwamba ni bidhaa. Na yupo mwingine: ya kwanza imegoma, basi kaitupa na kukata tamaa, wakati kazi ya ile ya kwanza ni kugoma mapema.

Kwa hiyo ukionyeshwa prototaipu, kabla ya kutoa hela uliza: imejaribiwa wapi? Kwa muda gani? Nini kiliharibika? Ipo ya pili? Mwenye kazi ya kweli hatakasirika.

Mimi kwa Kiswahili nasema "mfano wa majaribio", maana unamwambia mnunuzi ukweli. Mtaani kwenu mnaliitaje? Tupieni hapo chini tujadili.