Upepo wa Kifuani: Pikipiki za Zamani na Ugomvi wa Kioo cha Mbele

Mtu akiwa na pikipiki ya miaka ya hamsini au sitini, halafu akatamka kwamba anataka kuifunga kioo cha mbele, ugomvi unaanza hapohapo kabla hajashika spana. Upande mmoja watamwambia anaharibu historia. Upande wa pili, ambao mara nyingi ni wa watu waliowahi kuiendesha kweli asubuhi ya baridi, watamuuliza kioo cha urefu gani. Mimi niko upande wa pili, na sababu zangu ni za kihistoria zaidi kuliko za mafua.

Hawa wa "usiguse" wanadhani pikipiki ilizaliwa wazi kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuwa. Wapi! Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita kiwanda kilikuuzia injini, magurudumu mawili na kiti, halafu suala la upepo ukabaki nalo mwenyewe. Kinga ya kwanza ilikuwa mwilini: koti la ngozi, miwani mikubwa, glavu ndefu, na gazeti lililokunjwa chini ya koti. (Sisi wa magazeti tusiyadharau matumizi hayo. Karatasi inazuia upepo vizuri hata kama habari iliyomo ni mbovu.) Mwaka 1936 Barbour wa Uingereza wakatoa suti ya pamba iliyopakwa nta kwa ajili ya waendesha pikipiki. Bado ni nguo hiyo, chombo hakijaguswa.

Nadhani sisi wasomaji tuna hatia katika ugomvi huu. T. E. Lawrence, yule Lawrence wa Arabuni, alimiliki Brough Superior saba kwa zamu, na ndani ya The Mint, kitabu kilichotoka hadharani mwaka 1955, kuna sura ambamo anashindana barabarani na ndege ya kijeshi. Ukiimaliza sura ile unaona kioo cha mbele ni usaliti. Kisha akaja Robert Pirsig, aliyesafiri na Honda yake kutoka Minnesota hadi California mwaka 1968. Mapema tu katika Zen and the Art of Motorcycle Maintenance anadai kwamba aliye ndani ya gari anaitazama dunia kama televisheni, ila wa pikipiki yumo ndani ya picha yenyewe. Hoja tamu sana. Lakini tusisahau kwamba Lawrence alianguka tarehe 13 Mei 1935 akikwepa vijana wawili wa baiskeli, kichwa wazi, akafa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliendelea kuchunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, na utafiti wake ukasaidia kuifanya kofia ngumu kuwa lazima kwao. Kuna vitu kati yako na dunia ambavyo ni afadhali viwepo.

Kilichobadilisha mambo ni plastiki. Plastiki angavu ya akriliki, Perspex kwa Waingereza, iliingia viwandani miaka ya thelathini na vita vikaipeleka kwenye vyumba vya marubani. Baada ya 1945, mtu wa kawaida aliweza kununua kipande chepesi kinachoonyesha mbele bila kuvunjika ovyo kama kioo cha kweli, akakifunga kwenye usukani kwa vibano. Picha za wafanyakazi wa Uingereza wakienda kiwandani enzi hizo zina vioo vya aina hiyo tele. Kwa hiyo anayekifunga leo anaifanyia pikipiki kilekile ambacho huenda mwenyewe wa kwanza aliifanyia.

Wa mashindano walikuwa na shida nyingine: kasi. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, yaani ukitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 120, upepo unakusukuma mara nne. Moto Guzzi walijenga handaki lao la upepo pale Mandello del Lario mwaka 1950, wakalitumia kuchonga maganda yaliyofunika hadi gurudumu la mbele, umbo kama pipa la taka. Yalikwenda mbio kweli. Ila upepo wa ubavuni ukilipata pipa lile, dereva anakuwa abiria. Baada ya msimu wa 1957 shirikisho la kimataifa, FIM, likayapiga marufuku.

Sasa tuje kwa Philip Vincent, ambaye habari zake zinaniuma. Vincent alitaka bwana avae suti yake nzuri, asafiri haraka, afike safi. Mwishoni mwa 1954 akaonyesha Black Prince: mashine ya sisi 998 iliyovikwa maganda ya faibaglasi mwili mzima, na kioo mbele. Maganda yalichelewa kutoka kwa watengenezaji, ikabidi kiwanda kiuze baadhi ya mashine wazi ili mambo yasisimame. Desemba 1955 utengenezaji ukakoma kabisa. Baadaye wapo walionunua Black Prince wakazivua maganda, kwa sababu injini nzuri hivyo iweje ifichwe? Ariel nao walijaribu mwaka 1958 na Leader, yenye kioo na ngao za miguu tangu kiwandani, na haukupita muda wakaleta Arrow, ambayo ni Leader iliyovuliwa nguo. Mnunuzi alikuwa amejibu: kinga naitaka, ila nisiuziwe kwa nguvu.

Aliyeelewa jibu hilo ni Craig Vetter wa Illinois, Marekani. Ganda lake, Windjammer, la mwanzoni mwa miaka ya sabini, liliuzwa peke yake pamoja na vyuma vya kulifungia kwenye fremu ya pikipiki yako, iwe Honda au BMW. Halikuwa zuri kwa macho yangu, ni kama kabati. Lakini liliuzwa vibaya mno, na viwanda vikaamka. Mwaka 1976 BMW wakatoa R100RS, ambayo ganda lake, kazi ya Hans Muth, lilipimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina. Honda waliileta Gold Wing mwaka 1975 ikiwa wazi kabisa, na kufikia 1980 wakawa na Interstate iliyovaa ganda tayari.

Kwa hiyo ukiwa na, tuseme, Triumph Bonneville ya 1969, uchague nini? Windjammer itaimeza. Kioo cha vibano vya usukani kinaifaa zaidi, kwa kuwa kinafungwa na kufunguliwa bila kutoboa tundu hata moja. Ubaya wake ni kwamba kinageuka pamoja na usukani, na upepo mkali ukikishika unautikisa, hivyo kikubwa kupita kiasi ni hatari kwenye barabara ya wazi. Ganda la kwenye fremu halina tabia hiyo. Urefu usidanganywe na picha: ukingo wa juu uishie usawa wa pua, utazame juu yake, si kupitia ndani yake, maana usiku wa mvua plastiki iliyochubuka ni upofu. Kifupi kinachoishia chini ya kidevu kinaweza kuwa kibaya kuliko kukosa kabisa, kwa sababu upepo uliovurugika unakuja kukugonga kichwani. Na usikisafishe kwa petroli wala dawa ya vioo yenye amonia. Sabuni laini na maji yanatosha.

Wanaobisha kuhusu usafi wa historia wangepita Makambako au Njombe mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi. Bodaboda wa kule wanavaa jaketi kinyume, zipu mgongoni, kifua kimezibwa kabisa, na wengine wamefunika mikono ya usukani kwa vipande vya ngozi. Pikipiki ni za Kihindi na Kichina, za juzi tu. Abiria yeye anajificha nyuma ya mgongo wa dereva, ambao ndio kioo pekee alichonacho.